Kiti cha Kwanza na Bei Yake

Ukimwambia mtu wa Mtongwe kwamba unacheza poka, kwanza atadhani unasema kadi: ule mchezo wa kumaliza karata mkononi, ambamo jeki humruka mtu, kingi hugeuza zamu, na anayesahau kutangaza "niko kadi" hujuta. Wazee wataingiza habari za wahedi wa sitini na turufu. Poka ya mashindano, ile ya karata mbili za siri na tano za mezani, haina baraza lake upande huu wa Likoni. Anayeitaka huvuka kwa feri aende hadi Nyali kwenye kasino, au hujifungia chumbani na simu. Na anayeepuka kamari kwa ajili ya dini anaweza kujifunza kwa komwe za bao bila kuweka hata ndururu, kwa kuwa hesabu nitakazozieleza hapa ni zile zile kwa komwe na kwa shilingi.

Swali lenyewe humfikia kila anayeacha kucheza kwa bahati tu. Meza ina watu tisa. Wawili wamekwisha kuweka madau ya lazima, mmoja dau dogo na mwenzake dau kubwa. Anayefuata kushoto kwao ndiye wa kwanza kuamua kabla karata yoyote ya mezani haijafunuliwa: atupe, afuate, au afungue kwa kupandisha. Huyo ndiye mwenye kiti cha kwanza, na nyuma yake kuna watu wanane ambao hawajasema neno. Afungue kwa karata zipi? Na zile ambazo vitabu vya zamani vilimruhusu, je, aziongeze?

Vitabu hivyo vilikuwa vikali. David Sklansky na Mason Malmuth, katika kitabu chao cha mwaka 1988 kwa wachezaji waliobobea, walizipanga karata za kuanzia kwa makundi, na mwenye kiti cha mwanzo walimwachia makundi ya juu tu. Dan Harrington, bingwa wa dunia wa 1995, alipoanza kutoa vitabu vyake vya mashindano mwaka 2004 hakuwa mlegevu zaidi kwa anayecheza kwa tahadhari. Orodha ya namna hiyo, ukiiandika kwa ufupi, ni jozi za kumi kwenda juu, ree-kingi, ree-kwini, kisha ree-jeki na kingi-kwini zikiwa za aina moja, yaani zote kopa au zote shupaza. Karata mbili za kuanzia zinaweza kukujia kwa njia 1,326. Orodha hii inachukua njia 70. Ni kama asilimia 5.

Sababu ya ukali huo haijazeeka. Tuseme kila mtu aliye nyuma yako ana nafasi ya asilimia 5 ya kushika mkono mkubwa kweli. Wakiwa wanane, nafasi kwamba angalau mmoja wao anao ni asilimia 34 hivi. Ukiwa kiti cha mgawaji, ambako nyuma yako wamebaki wawili tu, nafasi hiyo ni asilimia 10. Tena atakayekufuata kutoka nyuma yako, asipokuwa mmoja wa wale wawili wa madau ya lazima, ataamua baada yako katika kila duru itakayofuata, akikuona ulichofanya kabla hajafanya lake. Kwa hiyo unalipa mara mbili: kwa wingi wa watu na kwa kutangulia kusema.

Kilichobadilika ni bei ya mezani. Mashindano mengi sasa yana chango: mbali na madau mawili ya lazima, kila mkono huwekwa fungu jingine katikati. Zamani kila mchezaji alitoa kidogo chake, na mgawaji akapoteza muda akiwakumbusha wavivu. Siku hizi mwenye dau kubwa hulipa chango la meza nzima kwa mkupuo, na mashindano ya dunia ya Las Vegas, WSOP, yalianza kuutumia utaratibu huo katika baadhi ya michezo yake mwaka 2018. Chukua meza ambayo dau dogo ni 500, dau kubwa 1,000, na chango 1,000. Kabla hujagusa karata zako kuna 2,500 katikati. Bila chango zingekuwa 1,500.

Sasa fungua kwa 2,000. Ikiwa lengo lako ni wote watupe ubebe kitita, bila chango unahitaji wakutupie mara 57 katika 100 ili usipate hasara. Chango likiwapo, mara 44 zinatosha. Tofauti ya mara 13 katika mia ni kubwa mno katika mchezo ambao faida huhesabiwa kwa chembechembe, na hapo ndipo hoja ya kupanua inaposimama. Anayesema tupanue kwa sababu "mchezo wa kisasa ni wa ubabe" hajatoa sababu. Kinachotulipa ni lile fungu la katikati.

Lakini hesabu hiyo hiyo, ukiisukuma hatua moja mbele, inatuliza moto. Ili watu wanane wote watupe mara 44 katika mia, kila mmoja wao asiingie zaidi ya asilimia 10 hivi ya mikono anayogawiwa. Kwenye kiti cha mgawaji wale wawili wanaweza kuingia asilimia 33 kila mmoja na bado ukalipwa. Na yule mwenye dau kubwa hawezi kukaa kwenye asilimia 10 hata angetaka. Umefungua kwa 2,000. Yeye amekwisha kuweka 1,000, hivyo anaongeza 1,000 tu kugombea 4,500 zilizoko katikati. Akishinda mara 18 katika mia hajapoteza kitu. Karata nyingi, hata zile mbovu, zina mara 18 hizo, ingawa anayecheza wa mwanzo baada ya karata za mezani hawezi kuzivuna zote. Mchezaji anayejua hesabu atakufuata kwa mikono mingi, na ataona karata tatu za mezani pamoja nawe. Basi kiti cha kwanza si mahali pa kuvizia kitita kwa karata zozote. Mkono unaoongeza lazima uwe na la kusema baada ya kufuatwa.

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Mtu akishaambiwa apanue, huongeza karata zenye picha. Kingi-jeki za aina mbili tofauti, kwini-jeki, ree-kumi: zinapendeza machoni. Tatizo lao ni kwamba wanaokuja juu yako kutoka viti vya nyuma wana picha hizo hizo zikiwa na mwenzi bora. Kingi-jeki yako ikikutana na ree-kingi, umebaki na karibu robo ya nafasi. Baya zaidi, ukipata kingi mezani utaona umeshinda na utalipa duru mbili au tatu kabla ya kuonyeshwa ukweli. Mkono wa namna hiyo hushinda vitita vidogo na kupoteza vikubwa.

Karata zinazofaa kuongezwa mwanzo hazina sura. Ree-tano za aina moja ni mfano wangu wa daima. Ukishika ree, jozi ya ree ambayo mpinzani angeweza kuwa nayo kwa njia 6 sasa imebaki njia 3, na ree-kingi imeshuka kutoka njia 16 hadi 12. Mikono inayokutisha zaidi imepunguzwa na karata iliyo mkononi mwako. Karibu mara 11 katika mia, karata tatu za mezani zitakuja na mbili za aina yako, ukabakiza moja kukamilisha. Na mezani pakishuka mbili, tatu na nne, nani atakudhania? Ukifuatwa una njia za kujenga mkono mkubwa, ukipandishiwa unatupa bila majonzi. Ree-kumi za aina tofauti haziwezi kukufanyia hayo, ingawa mwanafunzi wa wiki ya kwanza angezichagua bila kufikiri.

Kwa meza ya watu tisa, chango likiwapo na rundo lako la chipu likiwa madau makubwa 40 au 60, orodha ninayoiona ya busara ni hii: jozi za sita kwenda juu, ree na karata yoyote ya aina moja, kingi ikiandamana na kumi, jeki au kwini ya aina moja, kwini-jeki, kwini-kumi, jeki-kumi na kumi-tisa, zote za aina moja, na kwa zile za aina tofauti, ree-jeki kwenda juu pamoja na kingi-kwini, basi. Ukihesabu utapata njia 178, kama asilimia 13. Ni zaidi ya maradufu ya orodha ya kale, na sehemu kubwa ya nyongeza imetoka kwenye aina moja na jozi za kati.

Mashine zimekubali mwelekeo huo. Programu za kutafuta mizani ya mchezo, kama PioSOLVER iliyotoka 2015, zilimwezesha mtu wa kawaida kuuliza kompyuta swali lililokuwa la wazee wa meza peke yao. Mwaka 2019 Noam Brown na Tuomas Sandholm walitangaza Pluribus, programu iliyowashinda wachezaji wa daraja la juu katika meza ya watu sita, ikiwa imejifundisha kwa kucheza na nafsi yake. Moja ya mambo iliyoyathibitisha ni kwamba kuingia kwa kulipia dau kubwa bila kupandisha ni kosa kwa kila mtu isipokuwa mwenye dau dogo. Yaani kwenye kiti cha kwanza ama unapandisha ama unatupa. Ile tabia ya "ngoja nione karata kwa bei rahisi" haina mtetezi aliyebaki.

Ila mashine huhesabu zikidhani walioko nyuma yako nao ni mashine. Hili ni muhimu kwa meza zetu. Mtu aliyekulia kwenye kadi ana mazoea mawili: hapendi kupitwa na zamu bila kucheza, na anaamini karata mbaya hugeuka nzuri zamu ikigeuka. Katika kadi yuko sahihi, maana kingi moja inaweza kumrudishia mchezo. Katika poka zamu haigeuki, na kila anapofuata amelipa. Meza iliyojaa watu wa namna hiyo hufuata sana na kupandisha kidogo. Ukifungua mbele yao, kubeba kitita bila kupingwa kunakaribia kuwa ndoto; utafuatwa na watatu. Je, ufunge orodha? Sehemu tu. Zile ree ndogo za aina moja bado zinalipa, kwa sababu ukikamilisha aina yako watakulipa hadi mwisho. Ree-jeki za aina tofauti zinapanda thamani, kwa kuwa safari hii ndizo zitakazowakuta watu wakifuata kwa ree-nane. Kinachokufa ni mikono iliyoishi kwa vitisho. Mbele ya mtu asiyetupa, kitisho ni sadaka.

Meza ikiwa kinyume chake, yenye vijana wawili kushoto kwako wanaosukuma rundo zima kila wakisikia umefungua, nyongeza ndiyo inayoumia. Tuseme una madau 20. Umefungua kwa mawili, kijana mwenye rundo kubwa kuliko lako amesukuma, wengine wametupa. Unatakiwa kulipa 18 kugombea 24 na nusu. Unahitaji kushinda mara 42 katika mia. Jozi ya tisa italipa. Kumi-tisa haitalipa, na sehemu ya kumi ya rundo lako imekwenda kwa kitu ambacho hakikuwa na ulazima. Kwa hiyo kabla hujaitazama orodha yoyote, tazama kushoto kwako. Watu hutazama karata zao kwanza, nami sielewi ni kwa nini, kwa kuwa karata hazitaondoka.

Urefu wa rundo nao una sheria zake. Rundo la madau 100 linazivumilia jozi ndogo, kwa sababu mara moja katika nane au tisa utapata karata ya tatu mezani na kuna cha kutosha kukulipa zile mara ulizokosa. Rundo la 25 halina cha kulipia hilo, na kumi-tisa nazo zinaanza kunyauka. Likishuka hadi 10 au 12, kufungua kwa madau mawili karibu hakuna maana tena. Unasukuma lote au unatupa. Hapo thamani inarudi kwa karata zenye uzito wa peke yake: jozi, hata ndogo, na ree. Ajabu ni kwamba wengi hupanua kwa mpangilio uliogeuzwa: wakiwa na rundo refu wanangoja jozi ya kingi, wakibaki na madau 10 wanasukuma saba-sita kwa kukata tamaa.

Kuhusu kukata tamaa kuna hesabu ambayo haisemwi. Mezani, kwa mgawaji wa kibinadamu, saa moja hutoa mikono 25 hadi 30. Ngazi za madau zikiwa za dakika 20, kila ngazi ni mikono minane hadi kumi, yaani mzunguko mmoja tu wa meza ya watu tisa. Utakaa kiti cha kwanza mara moja kwa kila ngazi. Katika ngazi kumi, ambazo ni zaidi ya saa tatu, orodha ya asilimia 5 itakupa nafasi ya kufungua hapo kama nusu mkono kwa wastani. Orodha ya asilimia 13, mkono mmoja na kitu. Tofauti yote tunayoibishania haifiki mkono mmoja kwa usiku. Ukijumlisha kiti cha pili na cha tatu, iwe mikono miwili. Mtu anayedhani kupanua kiti cha kwanza kutamfufua amechoka kungoja, hana zaidi. Mikono ya kumfufua iko kwenye viti vya nyuma, karibu na mgawaji.

Hata hivyo kungoja nako kuna gharama. Kila mzunguko, madau ya lazima pamoja na chango, unalipa madau makubwa mawili na nusu. Kwa rundo la 50 hiyo ni asilimia 5. Kwa rundo la 12 ni zaidi ya sehemu ya tano, na ngazi ikipanda kabla ya mzunguko kwisha, ni zaidi tena. Ndiyo maana ukali wa 1988 hauwezi kuhamishwa mzima kwenye mashindano ya haraka ya leo.

Halafu kuna mlango wa zawadi, yaani pale wanapokaribia kubaki wale watakaolipwa tu, na hapa nitakaa kidogo. Chipu za mashindano si pesa. Huwezi kuinuka mezani ukazibadilisha; zinakununulia nafasi tu ya kumaliza juu. Mwaka 1973 mtakwimu David Harville alionyesha namna ya kukadiria nafasi za kila mshindani kushika namba ya kwanza, ya pili, ya tatu, akifikiria mbio za farasi. Mwaka 1987 Malmuth aliileta hesabu ya jinsi hiyo kwenye poka. Ijaribu: wamebaki wanne wenye marundo sawa, zawadi ni tatu, shilingi 50,000, 30,000 na 20,000. Rundo la kila mmoja lina thamani ya 25,000. Mmoja akimng'oa mwenzake, rundo lake limekuwa maradufu. Je, thamani yake imefika 50,000? Imefika 38,333. Aliyetolewa ana sifuri. Kwa hiyo anayeweka rundo lote dhidi ya mtu aliye sawa naye anahitaji kushinda mara 65 katika mia, si 50. Thamani iliyokosekana kufika 50,000 huwaendea wale wawili waliokaa wakitazama.

Kwenye mlango huo mwenye rundo la kati anayepanua kiti cha kwanza anacheza dhidi ya mfuko wake mwenyewe, kwa kuwa kati ya wote walio nyuma yake inatosha mmoja mwenye rundo kubwa kumsukumia, naye hatakuwa na mara 65 za kujibu. Orodha yangu ya njia 178 hapo naikata hadi karibu na ile ya kale, na kingi-kwini ya aina tofauti ndiyo ya kwanza kutoka. Mwenye rundo kubwa kuliko wote yuko kwenye mchezo mwingine: walio nyuma yake ndio wanaohitaji mara 65, na anaweza kufungua kwa upana hata kutoka kiti cha kwanza hadi meza ichoke naye. Maskini wa mwisho, aliyebakiwa na madau matatu, hana sababu ya kuogopa kama wa kati, maana thamani aliyo nayo ya kupoteza ni ndogo. Ushauri wa "panua" au "bana" usiotaja rundo la anayeambiwa si ushauri.

Jambo moja hupita bila kuonekana, hasa kwa wanaocheza kwa simu. Watu wakitolewa, meza hupungua: tisa, wanane, saba, sita. Jina la kiti linabaki lile lile, wa kwanza kushoto kwa dau kubwa, na mtu huendelea kutumia orodha aliyoikariri. Lakini meza ikiwa ya sita, nyuma yake wamebaki watano. Kila mmoja wao sasa anaweza kuingia asilimia 15 badala ya 10 na ufunguzi wa 2,000 bado ukajilipa, na nafasi ya kukuta mkono ule wa asilimia 5 nyuma yake imeshuka kutoka 34 hadi 23. Kiti hicho ni sawa kabisa na cha nne kwenye meza ya tisa baada ya watatu kutupa. Hapo kingi-tisa ya aina moja, jozi ya nne na tisa-nane ya aina moja huingia bila mjadala, na ree-kumi ya aina tofauti, niliyoisema vibaya hapo juu, inapata kibali. Wakibaki wanne, wa kwanza kusema yuko kiti kimoja tu kabla ya mgawaji, na orodha ya asilimia 13 ni woga mtupu. Kwa hiyo unapofungua simu yako kwenye meza ya watu sita, usihesabu viti kutoka kwenye dau kubwa. Hesabu waliobaki nyuma yako, kisha tazama wana marundo gani.